Gari la Mwaka Kesho

Mimi Phelista sijui kuendesha hata mkokoteni, lakini kuna gari moja la Kijapani ambalo halijatoka kiwandani na ninalijua kuliko watu wengi wanavyowajua wakwe zao. Ninajua ni gari la mbio, la milango miwili. Ninajua lilikuwepo zamani, likaachwa kutengenezwa, na sasa wenyewe wanataka kulirudisha likiwa haibridi, yaani injini ya petroli na mota ya umeme ndani ya gari moja. Wapo wanaoapa litakuwa na silinda nne na tabo ya kuongeza nguvu, wapo wanaosema tatu, na wapo wanaosema sita. Ninajua pia kwamba litatoka mwaka kesho. Limekuwa likitoka mwaka kesho kwa miaka minne sasa.

Haya yote nimeyapata bila kuuliza. Kibanda changu cha chai kiko Kibomet, hapa Kitale, mbele ya gereji ya Mzee Ndirangu, na fundi akishika kikombe cha chai hana siri tena. Nimewauzia chai na mandazi miaka kumi na tisa. Nimewasikia wakibishana juu ya siasa, juu ya mvua, juu ya mahubiri ya mchungaji, lakini ubishi wa gari hilo umeishinda mingine yote kwa umri.

Mzee Ndirangu ana miaka sitini na sita. Ni mfupi, mafuta ya injini yamemwingia hadi kwenye kucha, na ana kofia ya sufu ambayo mkewe, Mary Ann, amejaribu kuichoma mara mbili. Mjini wanamwita Sikio. Gari likiingia uani, mafundi wengine hukimbilia boneti. Yeye humwambia dereva, "Usizime," halafu anafumba macho. Akitaka uhakika anachukua bisibisi ndefu, anaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, anatulia hivyo kama mtu anayesali. Kisha anataja ugonjwa. "Ni valvu ya silinda ya tatu." Wakifungua, ni ya tatu. Nimewaona madereva wa malori wakitoka mbali na kupita gereji kumi zenye kompyuta ili tu yule mzee awasikilizie gari.

Basi sasa nikwambie kilichokuwa kikimsumbua, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini mtu mzima aligombana na watu juu ya gari asiloweza kulinunua hata kwa ndoto. Masikio yake yalikuwa yanafunga. Na kabla hayajafunga kabisa, alitaka kulisikia gari hilo likiwashwa, mara moja tu.

Mimi niligundua kwa chai. Namuuliza, "Mzee, nikuongeze?" naye anajibu, "Watakuja kesho." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikafikiri ana mawazo. Halafu akaja dereva wa lori la mahindi, injini inagonga kidogo, hata mimi nikiwa kwenye jiko langu nilisikia ile ko-ko-ko. Mzee akaweka bisibisi, akafumba macho, akakaa sana. Akasema, "Iko sawa. Nenda." Lori halikufika hata Kiminini hapo jirani. Dereva alirudi kwa bodaboda, amenuna, na Mzee Ndirangu akaenda mwenyewe kulivuta, akalitengeneza siku tatu bila kuzungumza na mtu. Jumapili nikamkalia Mary Ann kanisani mpaka akaniambia. Walikwenda kwa daktari wa masikio Eldoret. Hawakwenda Bungoma, ambako ni karibu na watu wa Walubengo, rafiki yake wa tangu ujana. Daktari alisema ni kelele za gereji za miaka hamsini kasoro, na kusikia kulikobaki ni kwa kupungua tu. Akapewa ushauri wa kile kidude cha kuweka sikioni. Akakataa.

"Amesema wateja wakikiona nani atamletea gari," Mary Ann aliniambia. "Na Walubengo akijua, ati afadhali amkute amekufa."

Mficha uchi hazai, nilimwambia. Lakini siri si yangu, nikanyamaza.

Huyo Walubengo ndiye nusu ya pili ya hadithi. Anakaa Bungoma mjini, anauza vipuri, ni mrefu na ana sauti ya kuamshia jirani. Yeye na Ndirangu walijifunza ufundi pamoja hapa Kitale, kwa Mhindi mmoja aliyeitwa Harbans. Ndirangu alikuwa mtoto wa Waithaka, mmoja wa wale waliotoka upande wa Nyeri wakaja kupewa mashamba Trans-Nzoia wazungu walipoondoka. Baba yake alimtaka shambani. Yeye alikuwa akienda kulala chini ya trekta kusikiliza likipoa. Walubengo alikuja kutoka upande wa Kimilili akiwa na viatu vya kuazima. Harbans aliwapa kitanda kimoja na sanduku moja la spana, na tangu hapo hawajawahi kukubaliana juu ya kitu chochote.

Likizo ya kwanza, Walubengo alimpeleka rafiki yake kwao. Mama akachinja kuku. Sasa kwetu sisi Wabukusu firigisi si nyama, ni heshima. Ni ya mwenye mji, na akimpa mgeni amempa kiti chake. Baba mtu akamtengea kijana wa Waithaka firigisi. Kijana akaitazama, akaona ni kitu kigumu cha kijivu, akafikiri wamemwekea kwa makosa, akamtupia paka. Mama akaondoa bakuli. Baba akasema tu, "Huyu hajaambiwa na mtu," akampa mtoto wake kazi ya kumwambia. Ndirangu anasimulia hadithi hiyo mwenyewe mpaka leo, na kila mwaka paka anakuwa mnene zaidi. Ndipo wawili hao wakaweka sheria yao: kwenye ubishi wowote, anayeshindwa anachinja jogoo na firigisi inakwenda kwa mshindi, mbele ya watu.

Ubishi mkubwa wa kwanza ulikuwa wa Pasaka, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Zamani hizo mbio za magari zilikuwa zikipita huku kwetu, na watu walikuwa wanalala barabarani kuzingoja. Wawili hao waliendesha baiskeli moja hadi kona fulani ya barabara ya udongo wa murami upande wa Cherangani. Mvua ilikuwa imenyesha. Walilalia tumbo kwenye nyasi, na mchezo wao ulikuwa huu: utaje gari kwa sauti kabla halijaonekana. Sauti ilikuja kutoka ng'ambo ya bonde. Ndirangu anasema ilianza kama nyuki ndani ya chupa, ikapotea kwenye mteremko, ikarudi ikiwa kubwa, ikabadilisha gia mara mbili, na yeye akalitaja kabla ya hata taa kuonekana. Lilipopiga ile kona kwa ubavu liliwafunika matope wote wawili, machoni, mdomoni. Walubengo alikuwa amekosea. Ndirangu alisimama pale na matope yake akalia machozi, na hakujua analia nini. Hilo gari ndilo babu wa hili la mwaka kesho.

Miezi ya mwisho alikuwa akija kibandani mapema, kabla ya mafundi, akawa ananisimulia sauti. Treni ya mizigo ilivyokuwa ikipanda kuingia Kitale. Trekta za Machi, msimu wa kulima, zikijibizana shamba hadi shamba kukiwa bado na umande. Kinu cha kusagia hapa Kibomet kabla hakijawekwa mota ya umeme, kilivyokuwa kikikohoa mara tatu ndipo kishike. Mary Ann akiwa msichana kwenye kwaya, sauti ya pili. Mimi nilikuwa nikisikiliza huku nakanda unga, na nakuambia ukweli, niliuona mji huu upya. Kitale ya zamani ilikuwa na kelele zake zenye majina. Siku hizi ni honi tu.

Tetesi zilikuwa zikiletwa na Tonny. Tonny ni fundi wa umeme wa magari, ana kona yake ndani ya gereji na wateja wake mwenyewe, na simu yake haipoi.

"Mzae, wasee wa Japan wameachilia picha ingine," alikuja nayo siku moja mwezi wa Mei. "Ni kivuli tu, lakini cheki boneti. Iko ndefu mbaya. Six inaeza ingia hapo."

Mzee Ndirangu aliisogeza simu mbele ya macho. Picha haina haja ya masikio, na kwa picha alikuwa hodari. "Si nilisema? Boneti ndefu ni injini ndefu. Mota itakuwa ya kusukuma tu kidogo kwa kona. Hawawezi kutengeneza gari kama hio halafu wainyamazishe."

Tonny alimpigia Walubengo, akaweka simu kwa spika. Sauti ya Bungoma ikajaa kibandani.

"Ndilangu, wacha kudanganya watoto! Hiyo boneti wamejaza betiri. Injini itakuwa ndogo kama ya pampu ya maji, na mota ndio itakuwa bosi. Kerere utawekewa kwa redio, kama lumba."

Mzee Ndirangu alicheka pale ambapo wengine walicheka. Nilikuwa nimeshajifunza kumtazama. Alikuwa akiwatazama wao kwanza, ndipo anacheka. "Jogoo wako anenepe!" alijibu, kwa sababu hilo ni jibu linalofaa kwa neno lolote la Walubengo.

Halafu tarehe ikatangazwa. Kampuni ingeonyesha gari likitembea kwa mara ya kwanza, Jumamosi, kwa mtandao, na kwa saa zetu ingekuwa saa tano asubuhi. Mitandaoni waliapa kwamba siku hiyo injini itasikika. Mzee Ndirangu aliposomewa hayo alitoka nje, akasimama nyuma ya lori, akarudi baada ya muda. Aliniagiza chai tatu na hakunywa hata moja. Wiki hiyo hakupokea kazi ngumu. Kila gari alimwambia Tonny, "Hebu wewe ulisikize kwanza, nione kama umejifunza," na Tonny, maskini, alijiona amepandishwa cheo.

Jumamosi Walubengo alishuka stendi akiwa na jogoo mwekundu kwapani. "Nimekuja naye mwenyewe," aliniambia, "ndio huyu mutu akishindwa asinidanganye sokoni hakuna kuku." Jogoo akafungwa chini ya benchi. Televisheni yangu ya kuonyeshea mpira ilitolewa mbele, Tonny akaiunganisha na simu. Kulikuwa na watu kama kumi na tano, mafundi, bodaboda, na mwalimu mmoja aliyekuja kutengenezewa breki akazisahau. Mary Ann alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mzee Ndirangu alikaa mbele kabisa, mahali ambapo goti lake liligusa meza ya televisheni. Kofia ameivua. Nilikuwa nyuma yake kwenye jiko na niliona shingo yake ikiwa imekaza, na nikamwomba Mungu ampe hiyo moja. Nilisema wazi moyoni: Baba, hata kama ni ya redio, isikike kwa nguvu.

Walikuja kwanza wanaume wa suti, wakainamiana, wakaongea Kijapani mpaka bodaboda mmoja akasema hata mahubiri ya kwao ni mafupi. Halafu taa zikazimika. Ikaonekana barabara ya changarawe, na miti. Gari likatokea mbali, jeupe, dogo, zuri. Tonny akaongeza sauti hadi mwisho. Likaja kasi, magurudumu yakirusha mawe, vumbi likapanda nyuma yake kama ukuta, likaipiga kona kwa ubavu. Watu wote wakainama mbele, midomo wazi.

Mzee Ndirangu akaruka kutoka kwenye kiti. Mikono yote miwili juu.

"Mnasikia hio? Mnasikia? Ni sita! Walubengo, sikia hio kitu inavyolia! Si nilikuambia? Si nilikuambia mimi!"

Kitu pekee kilichokuwa kikisikika kibandani mwangu kilikuwa mafuta ya mandazi. Gari lilikuwa linakwenda kwa mota. Halikuwa na sauti yoyote, ila changarawe kidogo chini ya magurudumu, na watu walikuwa wameinama kutafuta sauti hiyo isiyokuwepo. Yeye aliona vumbi, akaona midomo wazi, na maisha yake yote vumbi kama lile halijawahi kuja bila kelele.

Akageuka akicheka. Akaona nyuso zetu. Kicheko kilibaki pale usoni kidogo, hakijui kiende wapi.

Tonny akafungua mdomo, "Lakini mzae, hai—" nikamkanyaga mguu. Nilimtazama Walubengo. Nilitaka adanganye. Nilitaka aseme, Haya, umenishinda, leta kisu. Mtu amebishana nawe miaka hamsini kasoro, umnyime uongo mmoja? Nilikuwa tayari kumchukia.

Walubengo alisimama. Akazunguka benchi, akaja akasimama mbele ya rafiki yake, karibu, uso kwa uso, akainama kwa sababu ya ule urefu wake. Akasema polepole, akifungua mdomo vizuri.

"Ndilangu. Gari haijalia."

"Unasema?"

"Haijalia. Inaenda na mota. Sisi wote hatusikii kitu."

Mzee Ndirangu alimtazama midomo. Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Wote?"

"Wote. Uliza Mama Nasimiyu."

Mama Nasimiyu ndimi mimi. Nilitikisa kichwa kwamba sisikii kitu, machozi yananitoka, na sikuona haya.

"Tonny? Hata wewe?"

"Hata mimi, buda. Haki ya Mungu. Iko silent."

Akakaa. Walubengo akavuta kiti akakaa mbele yake, mgongo kwa televisheni. Nilisikia akimuuliza, "Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Masika."

"Na hukuniambia."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndio," Walubengo alisema. "Harafu ningekuja."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mwalimu akakumbuka breki zake. Mimi hasira zangu kwa Walubengo ziliniisha pale pale, nikabaki na hasira juu yangu mwenyewe, kwa ile miezi yote niliyomsaidia mtu kukaa peke yake nikiita hiyo heshima.

Gari lilikuwa bado linazunguka kwenye kioo. Mzee Ndirangu alinyoosha shingo kulitazama juu ya bega la mwenzake.

"Na sasa?" akauliza.

Walubengo akageuka, akatega sikio. "Bado."

"Na sasa, hapo kwa mlima?"

"Bado."

Watu kumi na tano tulikuwa tunamsikilizia Sikio. Bodaboda waliokuwa nje wakazima pikipiki zao bila kuambiwa. Gari likapanda mlima, likashuka, likasimama mbele ya wale wanaume wa suti, vumbi likatua, na yakaja maandishi. Tonny akasoma kwa sauti, halafu akakumbuka, akaenda mbele akasoma tena akimtazama mzee: habari za injini na tarehe ya kuuzwa zitatangazwa mwaka kesho.

Watu wakacheka, kwa mazoea tu. Mzee Ndirangu hakucheka. Alikuwa amemshika Walubengo mkono.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Bila kulia hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akakaa akifikiri. Mabega yake yakashuka, yale mabega niliyoyaona yamekaza tangu Mei. Halafu akapangusa macho kwa kiganja chenye mafuta ya injini, akajipaka weusi uso mzima, akatutazama sote kama mtu aliyefika stendi akihema na kuambiwa gari bado halijajaa.

"Basi sijapitwa na kitu," alisema.